Nilimpora mzee wa watu bandarini Malindi, Unguja (toleo langu, la Pweza lipuuzeni)

Kwanza ile voisi ya rafiki yangu Pweza inayozunguka kwenye magrupu siku zote hizi. Isikilizeni, chekeni, sina neno, lakini nusu ni habari na nusu katia chumvi mwenyewe. Polisi hawakuja. Pingu sikutiwa. Mzee hakuzimia. Mengine yote, haya, ndo hivyo hivyo.

Karafuu wale mnaocheza PUBG (lile gemu la kupigana risasi mtandaoni) na sie usiku mnamjua. Kwa wageni: kijana wa Wete, Pemba, skwodi yetu, yaani timu, ni watu 4, mie, yeye, Pweza (kapewa jina hilo kwa sababu adui akianguka tu yeye keshafika na mikono minane anakusanya luti, yaani vitu vya marehemu) na ndugu yetu mmoja yupo Muscat ambaye kazi yake ni kufa mapema kisha alaumu intaneti.

Tulivyojuana na Karafuu ni sudi tu. Nacheza sava ya Mashariki ya Kati, nimepangwa na watu nisiowajua, Waarabu wawili wanapiga makelele kwenye maiki na Kiarabu chetu cha chuoni jamani hakina neno la "nipe risasi", nimeshapigwa noki (nimeangushwa lakini sijafa) natambaa nyuma ya ukuta pale Pochinki, mji wa mle mle gemuni, mara nasikia "we unotambaa, tulia hapo hapo, nakuja!" Wallahi nilitaka kulia. Kumfufua mtu kwenye lile gemu ni sekunde 10 umepiga magoti huwezi kufanya chengine chochote na risasi zinapita, na mtu mwenyewe humjui, utamfanyia kwa lipi? Yeye akanifanyia. Toka siku ile ndugu. Sauti yake naijua kuliko ya kaka yangu wa tumbo moja, nzito, ina mikwaruzo, debe linaburuzwa juu ya mabati. Sura sikuwahi kuiona, picha yake ya Wasap ni mkarafuu.

Hapo kwenye sauti shikeni hapo hapo.

Halafu tuna mchezo wetu. Mwenye vitu vingi anaviziwa kwa nyuma, unamkaba kwa maneno, "Umekwisha! Toa kila ulichonacho! Toa dawa, toa risasi!" Kila usiku lazima, bila hivyo mechi hainogi. Mama yangu kuna siku aligonga mlango kuuliza mle ndani nimefungia nani.

Basi Karafuu anakuja Unguja, mara ya kwanza tunaonana. Kasema "nakuja na mzigo." Mzigo! Mzigo wenyewe ni babake mzazi anakuja kupimwa presha hospitali, lakini hilo kaona halina haja ya kutajwa. Nyie amueni.

Malindi boti ya Pemba ikiingia mnaijua. Majogoo yamefungwa miguu, ndizi, magunia, hamali na magari yao ya kusukuma wanapita na vidole vyako, madereva wa teksi wanavuta watu mikoba. Pweza yupo pembeni simu mkononi anarekodi, kasema ni kumbukumbu. Nampigia Karafuu, ananambia nimeshatoka getini, nimevaa kofia. Yakhe, Zanzibar, boti ya Pemba, mtu ananambia nitafute aliyevaa kofia.

Na ndo hapo nikaisikia.

Nyuma ya teksi nyeupe, hatua chache tu. Ile sauti. Debe juu ya mabati. Inagombana na dereva, "Elfu kumi na tano? Kwani gari hii yenda Chake?" Nikachungulia. Mgongo mwembamba, shati la mikono mirefu, kofia, kipakacha mkononi. Nilifurahi mpaka magoti yakalegea. Nikamgeukia Pweza nikamwashiria kimya, nikainama, namnyemelea vile vile kama tunavyofanya kwenye gemu, nikapita nyuma ya gari la hamali, nikaibukia mgongoni kwake, mkono shingoni, nikakaza, nikamwambia sikioni kwa sauti yote niliyopewa na Mungu: "UMEKWISHA! TOA KILA ULICHONACHO!"

Dereva wa teksi akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu.

Na sauti ya Karafuu, wallahi ile ile, ikanijibu kwa upole, "Mwanangu, nna halua tu."

Sasa wewe ungefanyaje? Sauti yake. Maskhara yake pia, maana ndo zake kujitia mnyonge kwenye maiki. Nikacheka. Nikakaza zaidi. "Halua? Leo unanihonga halua? Toa dawa!"

"Dawa zimo kwenye mkoba," ikasema ile sauti, "anao mwanangu, lakini ni za presha."

Hapo kichwa kilianza kufanya kazi lakini polepole sana, kama intaneti ya wakati wa mvua. Nikaona sikio. Lilikuwa karibu na pua yangu, hakuna njia ya kulikwepa. Na ndani ya sikio zinatoka nywele, nyeupe, ndefu, zimejikunja kwa raha zao. Nikawa naziangalia. Nikajisemea labda Karafuu ana ugonjwa. Nikanusa, mafuta ya mgando na udi. Mkono wangu bado upo shingoni, maana nilikuwa nausubiri uondoke wenyewe. Halua imeshachomoka kipakachani ipo chini, jogoo mmoja aliyefungwa miguu anainyooshea shingo. Na mbele yangu kijana mmoja mnene, kofia, mikoba miwili, mdomo wazi, anasema kwa sauti ile ile ya debe:

"Baba?"

Halafu akaniangalia mie. "Bububu Sniper?"

Hilo ndo jina langu la kwenye gemu, na amelitaja mbele ya bandari nzima, ahsante sana.

Kabla sijajibu kuna mtu keshapiga ukelele wa "mwizi!" Yaliyofuata nayapita mbio. Hamali watatu, kofi moja (Pweza anasema manne, mwongo), Karafuu anapiga makelele "ni rafiki yangu! ni rafiki yangu!", watu wanamuuliza rafiki gani humjui hata jina, na kweli hanijui jina. Mzee ndo kaniokoa, kasema mwacheni, huyu katumwa na kichaa kama wangu. Teksi nimelipa mie, elfu kumi na tano, sikubishana hata shilingi. Halua nyengine nimenunua Darajani na mzee kanambia usoni kwamba hiyo si halua. Tukafika nyumbani mama keshapika biriani na keshaisikia voisi ya Pweza. Kesho yake presha ya mzee ikawa juu, daktari anamuuliza jana umekula chumvi nyingi? Anajibu la, nimeporwa.

Jioni tukaenda Forodhani sote, mzee kala mishikaki kwa pesa zangu, kaninyooshea kidole mbele ya wauzaji, "huyu akikwambia toa, mpe." Na Pweza yule, ambaye video anayo mwanzo mpaka mwisho na mkono hakuunyoosha kuniokoa, eti anasema alidhani naigiza.

Wamesharudi Wete. Jana usiku tukaingia gemu, tupo ndegeni bado, mara ile sauti kwenye maiki: "Usishuke Pochinki mwanangu, watu wengi."

Nikanyamaza. Nikafikiri. Nikasema, "Shikamoo."

Kimya.

"Marahaba," kasema Karafuu, mshenzi mkubwa, na yule wa Muscat akacheka mpaka akadondoka ndegeni bila kuchagua pa kushuka akafa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza hakulaumu intaneti. Sasa Karafuu kila akiwasha maiki hasemi kitu mpaka nimwamkie. Na mie namwamkia, maana simjui ni nani.