Fomu ya mtoto inachukuliwa wapi?

Jirani yangu wa Uyole, Mbeya, ana binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Siku ya kliniki humbeba mgongoni kwa kanga mbili: moja ya kumfungia, nyingine ya kuikaza miguu isining'inie. Watu walimwambia akaombe msaada serikalini. Akauliza, fomu inachukuliwa wapi?

Fomu hiyo haipo. Nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, ila posho ya kila mwezi anayopewa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake hatuna. Tulicho nacho ni mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) wa kunusuru kaya maskini, na huko inayotazamwa ni kaya. Mkutano wa kijiji au mtaa unataja kaya zilizo hoi, dodoso linajazwa, hali ya nyumba na mali inapimwa, kisha majina yanarudi mkutanoni.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Majirani wanajua nani analala njaa na nani amehamishia ng'ombe kwa shemeji. Tungesema kila mzazi alete karatasi ya daktari bingwa, wa kwanza kunufaika wangekuwa wa mjini, wanaoishi karibu na hospitali ya rufaa. Mama wa kule vijijini Umalila angemaliza akiba yake kwenye nauli kabla hajapata mhuri.

Lakini dodoso linaona bati, halioni saa. Jirani yangu anakaa nyumba ya bati aliyoachiwa na wakwe, na ana cherehani. Kwa macho ya mgeni, huyo ana afadhali. Kumlisha binti uji kwa kijiko, asipaliwe, ni saa nzima. Kumgeuza, kumnyoosha viungo na kufua nguo kunamaliza siku. Cherehani kinashonewa saa ngapi? Halafu mtoto anayefichwa chumbani (bado wapo, tusidanganyane) nani atamtaja mkutanoni?

Wengine humwelekeza kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 2 ni ya watu wenye ulemavu. Haina riba, sawa, ila ina marejesho. Asiye na muda wa kushona atarejesha nini?

Kenya wana fungu la peke yake, chini ya mpango wao wa Inua Jamii, kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa: shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Ni pesa kidogo, lakini ulemavu una mlango wake. Mimi mkutano nisingeufuta; ningeuongezea mlango wa pili, kliniki ya watoto. Huku kwetu hilo si geni. Tangu 2013 mkoani Mbeya, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Kama cheti kiliweza kumfuata mama kliniki, hata dodoso la mtoto mwenye ulemavu linaweza.

Jirani yangu yeye anasubiri mkutano. Juzi mtu wa mtaa alipita kuangalia, akauliza kuhusu cherehani.

"Hicho, mwanangu," akamjibu, "siku hizi nawekea sufuria ya uji."