Tozo za barabara na gari ya kukodi: deni ni la gari au la dereva?

Enzi za kivuko pale Kigongo, huku Mwanza, huu mjadala wa nani alipe tozo za gari ya kukodi haukuwepo kabisa. Unafika, unapanga foleni nyuma ya malori yanayoenda Geita, unakata tiketi ya gari dirishani, unanunua muhindi wa kuchoma, unasubiri MV Misungwi au MV Mwanza igeuze, na kama gari ni ya kukodi basi aliyekodi kalipa kwa mkono wake na risiti anayo mfukoni, mwenye gari huku Nyegezi hata hajui imevuka saa ngapi wala hana haja ya kujua. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache ushatokea Busisi, na tangu hapo safari ndefu za gari ya kukodi kwenda upande ule zimenoga, Geita, Chato, Bukoba, na wengine wanaunganisha mpaka Uganda kwa kupitia Mutukula.

Mi nina Noah moja, naikodisha nikiwa siitumii. Sio kampuni, ni gari na karatasi ya makubaliano basi. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja akaichukua aende Entebbe kumpokea dada yake anatoka Ulaya, tumeshamaliza habari za kadi ya njano ya bima na barua ya kumruhusu kuvuka mpaka, akaniuliza, "Braza, ile barabara ya kulipia ya kule, hela inatoka kwako au kwangu?" Nikacheka, nikamwambia kwako bila shaka, we ndo unaendesha. Akasema, "Na kama hawanisimamishi, wananipiga picha tu namba za gari?" Hapo sikuwa na jibu la haraka.

Kwa Entebbe hofu yake ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Ile barabara ya haraka ya kutoka Busega ya Kampala ilifunguliwa 2018, watu wakapita bure mpaka Januari 2022 ndo tozo ikaanza, gari ndogo ni shilingi 5,000 za Uganda, kwa hela yetu kama elfu tatu na mia tano hivi, na pale kuna vibanda, unatoa keshi unapewa risiti kizuizi kinanyanyuka. Hakuna cha kugombania. Hata daraja la Kigamboni kule Dar, ambalo tangu 2016 linalipiwa, watu wamelizoea kwa mtindo huo huo wa kusimama kwanza. Ugomvi unaanzia pale kibanda kinapoondolewa.

Maana ukishaondoa kibanda zinabaki njia mbili tu za kukudai. Moja ni kifaa kidogo kinabandikwa kwenye kioo cha mbele, kimeunganishwa na akaunti yenye hela, ukipita kinasomwa na hela inakatwa. Ya pili ni kamera inayosoma namba za gari halafu bili inamfuata mwenye gari popote alipo. Zote mbili zinaijua gari, hazikujui wewe uliyeshika usukani. Kwenye gari yako mwenyewe hiyo haina shida. Kwenye gari ya kukodi kuna watu wawili, mmoja anatumia barabara na mwingine ndo jina lake liko kwenye kadi ya gari, na mfumo unamtafuta huyo wa pili.

Na sisi Mwanza tusijifanye wageni wa hili jambo. Ukiegesha mjini, yule dada wa maegesho anapita na kimashine chake, anaingiza namba za gari, anachomeka kikaratasi kwenye waipa, deni limeshaingia kwenye mfumo hata kama kile kikaratasi kitapeperushwa na upepo wa ziwa. Faini za trafiki nazo zinakaa kwenye namba za gari, 30,000 kwa kosa, na ukichelewa inaongezeka. Mwaka juzi nilimkodisha mtu aende harusini Musoma. Gari ikarudi safi, imeoshwa, mafuta yapo, nikamrudishia dhamana yake yote na asante juu. Baada ya siku nne naangalia deni kwenye simu, nakuta kapigwa tochi ya mwendo kasi mara mbili, moja Magu moja Lamadi, 60,000, na maegesho juu yake. Nampigia ananiambia, "Bosi, mimi mbona sikusimamishwa na trafiki yeyote?" Na pengine alikuwa anasema kweli. Mara ya tatu nampigia, simu haipatikani. Nikatafuta kontroo namba nikalipa mwenyewe, maana gari yenye deni ukikutana na trafiki yeyote anayeikagua ni wewe ndo unashushwa, sio yule wa harusini.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanazilaani kampuni za kukodisha magari za nje kwa makato ya tozo, kuna sehemu yangu inawaelewa. Kule mambo yamefika mbali. Daraja la Golden Gate, San Francisco, liliacha kupokea keshi tangu Machi 2013, hakuna mtu wa kumpa hela hata uwe nayo mkononi. Dubai mfumo wao wa Salik upo tangu 2007, hauna kizuizi wala dirisha, ilikuwa dirham 4 kila geti, na tangu Januari 2025 saa za foleni imekuwa 6, na wafanyabiashara wetu wanaoenda kule kufuata spea na simu wanalijua hilo, unakodi gari unazunguka Deira na Sharjah wiki nzima, unaona imepita bure kumbe inahesabu. Sasa jiweke kwenye viatu vya kampuni: mteja anakuja kutoka nchi nyingine, anaendesha siku tatu, anarudisha ufunguo, anapanda ndege. Bili ya picha inakuja baadaye. Mtu wa ofisini afungue mafaili, aangalie tarehe ile saa ile gari ilikuwa na nani, amkate huyo mtu kwenye kadi yake ya benki, halafu ajibu barua pepe zake za hasira. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Kampuni kuweka kifaa chake kwenye gari na kukutoza kwa huduma hiyo peke yake sio wizi.

Ila sasa bei yake. Kampuni kadhaa za Marekani hazitozi kwa kila ukipita, zinatoza kwa siku. Na zipo ambazo ukigusa tozo mara moja tu basi ada ilikuwa inahesabiwa kwa siku zote ulizokodi, hata zile ambazo gari ililala imefunikwa nje ya hoteli. Jiji la San Francisco liliipeleka Hertz mahakamani 2017 kwa jambo hili hili, pamoja na kampuni iliyokuwa inaiendeshea huo mfumo, kwamba wateja wanavuka Golden Gate bila kuelezwa vizuri kwamba kuvuka kwenyewe tu kunawaingiza kwenye ada ya kila siku. Kesi ikaisha 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 3.65. Na ukiangalia lalamiko lenyewe, mtu hakugoma kulipia daraja, aligoma kulipia siku ambayo hakuvuka.

Mi mwenyewe lilinikuta Nairobi, kwa kiwango cha chini lakini lilinikuta. Ile barabara ya juu ya Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ilianza 2022, na tangu Januari 2024 gari ndogo kwa urefu wote ni shilingi 500 za Kenya, kabla ya hapo ilikuwa 360. Pale kuna dirisha la keshi na kuna njia ya wenye kifaa. Gari niliyokodi ilikuwa na kifaa kwenye kioo, nikafurahi, nikasema huyu jamaa yuko kisasa, nikapita mara mbili bila kusimama, nikiwaangalia wa keshi walivyojipanga. Siku ya kurudisha naambiwa tozo 1,000, sawa, na huduma ya kifaa 300 kwa siku, siku tano, 1,500. Yaani huduma imezidi barabara yenyewe! Siku tatu gari ilikuwa imepaki kwa ndugu yangu Embakasi nazunguka kwa miguu na matatu. Nikauliza mbona hukuniambia, akageuza karatasi ya mkataba akanionyesha mstari huko nyuma, maandishi kama ya kwenye kiberiti. Nilikuwa nimesaini. Nililipa. Na mpaka leo naamini ningelipa keshi dirishani kama angenitamkia ile 300 kwa mdomo wakati ananipa ufunguo, na ndio maana hakuitamka.

Kuna wanaosema dawa ni mteja abebe kifaa chake. Marekani wapo wanaofanya hivyo, wanasafiri na tagi yao kwenye begi, lakini kama gari nayo ina ya kampuni unaweza kukatwa mara mbili, ndo maana baadhi ya magari yana kijisanduku cha kutelezesha, ukikifunga kifaa cha kampuni hakisomwi, na ukisahau kukifunga ni juu yako. Kwa mtu wa Mwanza anayeenda mara moja kwa miaka mitano hiyo sio dawa, ni mzigo mwingine.

Mi naona walipokaribia haki zaidi ni Waingereza pale Dartford, nje kidogo ya London. Tangu Novemba 2014 hakuna vibanda, kamera tu, lakini dereva yeyote, hata gari sio yake, anaingiza namba za gari mtandaoni na kulipia mwenyewe, mwisho saa sita usiku wa siku inayofuata. Ukilaza ndo faini inamwendea mwenye gari na yeye anakugeuzia na gharama zake juu, na hapo huna pa kulalamikia kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Na ukifikiria vizuri hilo sisi tunalo tayari, deni la maegesho la gari yoyote unaliangalia kwa namba zake na kulipa kwa *152*00#, haijalishi kadi ina jina la nani. Siku tozo za barabara zikija huku kwetu, na ile barabara ya haraka ya Kibaha mpaka Chalinze imepangwa kuwa ya kulipia, wakiufuata huo mtindo nusu ya ugomvi haitazaliwa.

Kuna upande mwingine lakini ambao watu wa magari ya kukodi hatupendi kuusema. Johannesburg na Pretoria waliweka e-toll Desemba 2013, kamera juu ya barabara kila baada ya kipande, na wananchi wenye magari yao wakagoma tu, bili zinakuja wanazitupa, miaka inaenda, mpaka Aprili 2024 serikali ikazima mitambo. Nani alikuwa hawezi kugoma? Aliyekodi, maana kampuni ilikuwa na kadi yake ya benki na inamkata. Mgeni wa siku mbili akawa mlipaji mzuri kuliko mwenyeji. Ukiwa na dhamana ya mtu mkononi inakuwa rahisi sana kujilipa na vya ziada, na hilo nalisema nikiwa na droo yenye dhamana za watu.

Ada ya kila siku naweza kuielewa Dubai au Florida, ambako ukitoka tu umegusa geti, na mtu anayetaka asiwaze anaweza kuichagua mwenyewe. Mahali penye barabara moja tu ya kulipia, kama Nairobi au Entebbe, ada ya siku haina mantiki, kata kwa kila mara aliyopita na useme mapema unaongeza ngapi kwa usumbufu. Na risiti ya mfumo ionekane, sio namba uliyoandika kwa kalamu.

Basi yule wa Entebbe tukaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa, juu, sio nyuma: tozo, maegesho na faini kuanzia saa ya kuchukua gari mpaka saa ya kurudisha ni za dereva, mwenye gari haongezi kitu, na dhamana inakaa siku saba ndo inarudi. Siku saba hakuzipenda, akasema hela yake itakuwa inalala kwangu bila kazi, tukashuka mpaka tano.

Karudi Jumapili usiku, gari ina vumbi jekundu la Kagera mpaka kwenye viti. Risiti mbili za Entebbe kazibana kwenye kile kifuniko cha jua, kanionyesha kabla hata ya kunisalimia. Siku ya tatu naangalia simu, kapigwa tochi Muleba, 30,000. Nikampigia. Kimya kidogo, halafu, "Braza, Muleba alikuwa anaendesha shemeji."