Iacheni jeli ifanye kazi yake

Nafanya kazi kwenye famasi moja huku Nyegezi, Mwanza, mtaa ambao wanafunzi ni wengi kuliko wagonjwa wa presha, kwa hiyo kila siku ya Mungu ninaulizwa kuhusu chunusi. Wengi wanaoniambia kwamba jeli waliyoandikiwa na daktari "imekataa" waliiacha njiani. Na waliiacha kwenye wiki zile zile ambazo aliyewaandikia alijua fika uso utasumbua, ila hakuna aliyefungua mdomo kuwatahadharisha.

Lawama ya kwanza naiweka kwetu tunaotoa dawa. "Paka usiku" si maelezo. Mtu anakabidhiwa tyubu ya adapalene au tretinoin, anaandikiwa 1x1 kwenye bahasha kama vidonge vya minyoo, basi, anaitwa anayefuata. Jeli hizi hazifanyi kazi kwa kasi hiyo. Zinabadilisha namna seli za ngozi zinavyokua na kubanduka ndani ya vitundu vya vinyweleo, ili vitundu visizibe. Chunusi uliyoamka nayo leo ilianza kuziba chini kwa chini wiki kadhaa nyuma, na hakuna jeli itakayoifuta kesho asubuhi. Ndiyo maana hatusemi dawa imekubali au imekataa kabla ya wiki 12 hivi.

Katikati hapo kuna kipindi kigumu. Wiki za mwanzo ngozi hukauka, hubanduka, huchoma kidogo, na chunusi zenyewe zinaweza kuongezeka. Binti anajiangalia kwenye kioo, anaona alikuwa afadhali jana. Rafiki wa chumba cha pili anamwambia achana na hayo madawa ya hospitali, chukua hii. "Hii" ni kikopo kisicho na kibandiko, au tyubu yenye betamethasone au clobetasol, dawa kali za jamii ya steroidi. Siku chache tu uso umetulia na unang'aa, kwa sababu steroidi huzima uvimbe na muwasho haraka sana. Sifa zinamiminika. Miezi ikipita ngozi imekuwa nyembamba, jua linachoma kuliko zamani, na vipele vidogo vinavyofanana vimejaa paji la uso na mashavu. Akiacha, uso unalipuka; akiendelea, unazidi kuharibika. Zebaki na haidrokwinoni, zinazochanganywa kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na kazi ya kusimamia vipodozi iko Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, lakini muuza mkorogo hahitaji duka. Anahitaji simu, na mteja aliyekatishwa tamaa na jeli. Huyo mteja tunampelekea sisi wenyewe kwa kunyamaza.

Jambo la pili ni kiasi. Msichana alirudi kwetu akilalamika, "Dada, hii dawa imeniunguza." Nikamuuliza anapaka kiasi gani, akanionyesha kidole chote kuanzia kwenye kucha. Mdogo wangu, hiyo ni ya wiki nzima! Punje moja ya njegere inatosha uso mzima. Unaigawa: kidogo kwenye paji, kidogo kila shavu, kidogo kidevuni, halafu unaisambaza taratibu. Usiidonoe juu ya chunusi moja moja, maana sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia zile ambazo hazijatoka. Usipake kwenye kope, midomo, pembe za pua, wala penye kidonda. Na uso uwe mkavu kabisa. Ukishanawa, subiri kama dakika 20, kwa sababu ngozi yenye maji hufyonza zaidi na kuchoma zaidi.

Mimi siwashauri watu kuanza kila usiku, hata kama karatasi ya ndani imeandika hivyo. Usiku mmoja upake, mmoja au miwili uruke, ongeza ngozi ikizoea. Hili kwetu wenye ngozi nyeusi lina uzito wa pekee. Ngozi yetu ikiudhiwa, iwe na chunusi au na dawa yenyewe, huacha madoa meusi, na madoa hayo hukaa miezi mingi baada ya chunusi kusahaulika. Anayejipaka nyingi ili apone haraka anajichorea madoa kwa mkono wake. Ngozi ikikauka, paka losheni ya kawaida isiyo na manukato. Hilo halipunguzi nguvu ya dawa, na wengi wangemaliza wiki 12 kama wangeambiwa losheni inaruhusiwa. Dodoki, limao, dawa ya meno, sabuni ya kufulia: viwekeni pembeni kabisa.

Sasa jua. Maelezo mengi yaliyomo ndani ya boksi yameandikwa kwa watu wanaoishi mbali na Ikweta. Sisi tuko karibu nayo, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mbele yetu kuna ziwa linalorudisha sehemu ya mionzi usoni hata ukiwa na kofia. Jeli za jamii ya adapalene na tretinoin zinafanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Ukimwambia mama anayeanika dagaa Igombe, au kijana anayeshusha mizigo Mwaloni, "epuka jua," umemwambia aache kazi. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 ni nzuri na naisisitiza, lakini bei yake kwenye rafu naijua, na anatakiwa kuipaka tena na tena mchana kutwa. Kwa hiyo tuseme yanayowezekana: paka dawa usiku tu, nawa uso asubuhi, vaa kofia ya ukingo mpana au tupia kanga mbele kidogo, kaa kivulini saa za mchana panapokuwa na kivuli. Na aliyekuandikia dawa mwambie unafanya kazi juani. Huenda akaanza na nguvu ndogo zaidi, au akabadilisha dawa kabisa.

Benzoyl peroxide ni habari nyingine. Inaua bakteria wa chunusi, na ya asilimia 2.5 inaweza kukusaidia karibu sawa na ya asilimia 10, huku ikikuunguza kidogo kuliko hiyo ya 10. Kasoro yake inafutisha rangi za nguo. Kuna nyumba dada wa kazi amesemwa kwa kumwaga jiki kwenye shuka, kumbe ni uso wa mwenye nyumba. Lalia foronya nyeupe.

Clindamycin ya kupaka, ambayo ni antibiotiki, isitumike peke yake muda mrefu. Bakteria wanaizoea, na ndiyo maana huambatanishwa na benzoyl peroxide. Wanafunzi wa hosteli wanaopokezana tyubu moja watu wanne wanisikie hapo. Ukipaka clindamycin ukaanza kuharisha sana, au kuharisha damu, acha dawa uende hospitali. Hutokea mara chache sana, ila hutokea.

Huwa naletewa pia hoja ya Marekani. "Mbona kule adapalene inauzwa bila cheti cha daktari?" Kweli, ya asilimia 0.1 inauzwa hivyo tangu 2016. Ya asilimia 0.3 bado ni ya cheti huko huko. Halafu swali ambalo cheti kinatulazimisha kuuliza linabaki pale pale: una mimba, au unatarajia kupata? Adapalene na tretinoin za kupaka hazishauriwi kwa mjamzito, na jamaa yake tazarotene imekatazwa kabisa. Swali hili kwenye kaunta iliyojaa watu ni aibu kuliuliza na aibu kulijibu. Mimi humvuta mteja pembeni. Akiwa amekuja na mama yake kutoka Sengerema, namtuma mama kwa mwenzangu alipie kwanza, tunaongea wawili.

Wateja wakikubali kuanza jeli, nawaomba kitu kimoja: warudi na tyubu yao kwenye wiki ya nne, wakati wanatamani kuitupa. Wengine wanarudi na ngozi iliyobanduka tu, tunapunguza siku za kupaka. Aliyevimba midomo au macho simpunguzii chochote. Huyo anaacha dawa na anakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Na wapo wenye majipu makubwa yenye maumivu, yanayoacha makovu. Kumuuzia huyo tyubu ya tatu ni kumla hela yake. Namwandikia kwenye bahasha aende kliniki ya ngozi hospitali ya Bugando, awahi asubuhi, na abebe boksi la kila alichowahi kupaka, pamoja na kile kikopo kisicho na jina.