Khitma ya Tairi la Nyuma

Ami yangu wa Tudor, Mombasa, ana gari la kulala ndani, Volkswagen la miaka ya 1980 lenye kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na paa linaloinuka, ambalo aliuziwa na mtalii aliyeamua kurejea kwao kwa ndege. Kwa miaka mingi gari hilo halikwenda popote. Lilisimama chini ya mwembe, likichomwa na jua ubavu mmoja na kupulizwa na upepo wa chumvi ubavu wa pili, na ami akawa analala humo baada ya swala ya adhuhuri, kwa sababu ndipo mahali pekee pale nyumbani ambapo mtu hatumwi dukani. Kila Ijumaa aliyapaka matairi dawa nyeusi ya viatu, mpaka yakang'aa kuliko makubadhi yake.

Matairi hayo yalikuwa fahari yake. Mifereji yake ilikuwa mirefu kama ya tairi lililotoka dukani jana, na kila mgeni aliyefika alizungushwa gari zima na kuambiwa kwamba hayajaonja lami. Nilipomwonyesha nyufa nyembamba zilizotambaa ubavuni, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hiyo ni nakshi."

Ikatokea harusi ya Diani, na shangazi, ambaye biriani yake husafirishwa kama mtu anavyosafirisha dhahabu, akaahidi kwenda na masufuria mawili makubwa. Ami akaamua kwamba siku ya gari lake imefika. Masufuria yakawekwa juu ya kitanda, shangazi akaketi katikati yake kuyalinda, nami nikakabidhiwa usukani. Katika kituo cha mafuta kijana wa pampu aliuliza ajaze upepo kiasi gani. Kabla sijafungua kinywa ami akamjibu, "Wa kawaida," na wa kawaida katika kituo kile ni psi 30 kwa chochote chenye magurudumu manne. Sasa, gari hili injini yake iko nyuma, chini kabisa ya kitanda, na kitabu chake kinataka matairi ya nyuma yajazwe zaidi ya 40, tena kabla ya kumpakia shangazi.

Tulivuka feri ya Likoni salama. Tulipofika Shika Adabu, tairi halikushika. Kulisikika mlio wa pu-pu-pu chini ya kitanda, mzito na wenye mpangilio, na shangazi, ambaye alikuwa akiingojea ngoma tangu Tudor, akadhani tumeupata msafara wa bwana harusi, akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa kwenye tuktuk ya jirani wakamwitikia. Kwa hiyo tukaendelea hatua kadhaa tukisindikizwa kwa vifijo, huku ngozi yote ya juu ya tairi la nyuma ikibanduka na kulichapa bodi, mpaka tairi lilipopasuka kwa kishindo kilichomnyamazisha hata shangazi.

Nilisimamisha gari mbele ya msikiti mdogo, na fundi wa pancha wa upande wa pili wa barabara akaja mbio na jeki yake. Akalitazama gari, akamtazama shangazi, akasema kwa adabu kwamba jeki haitainua vyote viwili pamoja na chakula. Tukamteremsha shangazi. Tukayateremsha masufuria tukayapanga kivulini, na shangazi akayafunua kidogo mvuke upate kutoka, mchele usije ukalainika.

Dakika hiyo hiyo watu wakatoka kuswali adhuhuri.

Nani atawalaumu? Mbele yao palikuwa na mzee wa kanzu na kofia mwenye uso wa majonzi, mwanamke wa buibui aliyeshika upawa, na masufuria mawili ya biriani kando ya msikiti. Waliosogea wa kwanza walisogea kimyakimya. Babu mmoja akampa ami mkono, akamwambia, "Poleni sana, bwana. Ni nani aliyetangulia?"

Ami, ambaye macho yake hayajabanduka kwenye gurudumu, akajibu kwa sauti iliyokatika, "Tairi."

"Twahiri," babu akawatangazia wenzake. "Mungu amrehemu Twahiri. Alikuwa mtu mzima?"

Fundi alikuwa amelala chini ya gari, akilisugua tairi kwa kitambaa upande wa ndani, upande ambao dawa ya viatu haikuwahi kuufikia, na ndiko zilikokuwa tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi za DOT: 2309. "Wiki ya 23, mwaka 2009," akapaza sauti.

"Kijana mbichi kabisa! Nini kilimsibu?"

"Jua," fundi akajibu, akidhani anaulizwa na mwenye gari. "Na kukaa bure. Tairi likizunguka, nta iliyomo ndani ya mpira hutoka nje ikaulinda, lakini likikaa linakauka. Watengenezaji wengi wanasema likitimiza miaka 10 litolewe, hata mifereji ikiwa mizima. Na upepo nao ulikuwa mdogo."

Babu hakusikia yote hayo. Alilolisikia ni upepo mdogo. "Pumu," akasema kwa huzuni, akainua mikono, na umati mzima ukasoma Fatiha. Baada ya Fatiha hakuna Mswahili anayeweza kurudisha kifuniko. Ami akamwashiria shangazi, shangazi akamtazama ami kwa jicho ambalo mpaka leo halijatulia, kisha akachota.

Spea iliyokuwa chini ya pua ya gari ilishikwa na kutu kiasi kwamba fundi aliitoa kwa nyundo, na ilipotoka ilikuwa na tarakimu 3 tu, maana yake ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Akairudisha bila neno, akatuuzia tairi lililotolewa kwenye pikapu, na tukafika Diani na sufuria moja isiyojaa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kununua matairi mapya. Muuzaji alituletea ya gari dogo, akishikilia kwamba 185 ni 185 na rimu ni 14 ile ile. Ami, ambaye sasa amekuwa hatari, akamwonyesha ubavuni: hilo lilikuwa na namba 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja, naye anataka lenye herufi C na namba 102, linalobeba kilo 850. Kisha akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akawasha tochi, akaanza kusoma tarehe za rafu nzima, moja baada ya jingine, huku mimi nikiziandika kwenye daftari. Vijana wa duka wakaanza kunong'onezana. Baada ya muda tajiri mwenyewe akatoka ofisini na birika la chai ya tangawizi na sahani ya halua, akauliza kwa upole kama mheshimiwa ametumwa kutoka Nairobi au ni wa hapa hapa Mombasa, akaongeza kwamba bei huwa inazungumzika.

Ami hakukubali wala hakukanusha. Alimega halua, akaomba ateremshiwe na yale ya rafu ya juu.