Samaki wa Jioni Pale Wrigley

Haya, nyie mnaosema Cubs, timu ya besiboli ya Chicago yenye uwanja wa Wrigley, walifanya biashara nzuri kuuza mastaa wao Julai 2021, vuteni viti tuhesabu wote. Taratibu tu, maana kuna watu wanaweza kukuuzia godoro ulilolilalia, ukawapa na chai.

Tarehe 29 akaondoka Anthony Rizzo, kwenda timu ya Yankees. Kesho yake Javier Báez, Mets. Saa hizohizo Kris Bryant, Giants. Dirisha lilifungwa saa tisa alasiri ya Chicago (Dar ni saa tano usiku, wenye akili wamelala) na timu ya mabingwa wa 2016 ikawa imebaki picha ukutani. Timu iliyomaliza ukame wa ubingwa wa miaka 108, jamani! Mpira wa mwisho wa fainali ile Bryant aliuokota mguu unateleza, akamrushia Rizzo pale beisi ya kwanza, Rizzo akautia mfuko wa nyuma kama mtu aliyeokota noti. Julai hiyo ikaisha aliyerusha yuko San Francisco, aliyedaka yuko New York.

Ofisi inasema mikataba ilikuwa inaisha. Kweli, wote watatu walibakiza miezi miwili wawe huru kusaini popote. Na hilo ndilo kosa lenyewe, mnalitaja kama utetezi! Samaki anauzwa asubuhi. Ukizunguka naye mpaka saa kumi na mbili jioni, nzi wameshakaa kikao, anayetaja bei ni mteja. Mchezaji mwenye misimu miwili kwenye mkataba unamdai chipukizi watatu wa maana. Mwenye miezi miwili unapewa mmoja au wawili, na dua. Bryant alikuwa na hiyo misimu miwili mwanzoni mwa 2020. Wakamkumbatia.

Tena Bryant! 2015 walimbana ligi ya chini, wakamwita Aprili 17 ili amalize msimu na siku 171. Mwaka kamili wa utumishi, ule unaohesabiwa kuelekea uhuru wa mchezaji, ni siku 172. Siku moja, bwana. Akalalamika, Januari 2020 akashindwa. Kwa siku hiyo moja klabu ilijipatia msimu mmoja wa ziada wa kummiliki, na msimu wenyewe ndio huo wa 2021 waliomuuza katikati. Unaiba embe la jirani, halafu unaliacha lioze mfukoni.

Na msiniambie waliuza kwa mpango. Juni 24 waliwazima Dodgers bila kuruhusu pigo salama hata moja, wako kileleni mwa kundi. Kesho yake wakaanza kufungwa, wakafungwa mechi 11 mfululizo. Huo si mpango, hiyo ni nyumba inaungua na wewe unatupa masufuria dirishani.

Walikokwenda, kila mmoja wa hao watatu akapiga homurani, pigo la kuvusha mpira ukuta wa uwanja, mechi yake ya kwanza. Ya kwanza! Hata sabuni ya jezi mpya haijatoka. Mwenzao Joc Pederson aliuzwa Atlanta katikati ya Julai, akavaa shanga za lulu shingoni, Oktoba anacheza fainali, wanatwaa ubingwa. Cubs wakamaliza na ushindi 71, vipigo 91.

Kuna na Craig Kimbrel, mfunga mechi, yaani mrushaji anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, alivukishwa mjini humohumo kwa White Sox. Kule akageuka mwingine kabisa, kila akiingia mpira unaruka ukuta. Kucheka hairuhusiwi, kwa sababu waliokuja badala yake, Nick Madrigal alikuwa majeruhi tayari, na Codi Heuer mwaka uliofuata alipasuliwa kiwiko. Majirani wameuziana mbuzi kwenye gunia, wote wawili.

Sasa kinachoudhi zaidi. Báez alibadilishwa na kijana Pete Crow-Armstrong, aliyekuwa amecheza mechi sita tu za kulipwa kisha bega likapasuliwa. Mechi sita! Tukatukana mpaka koo likakauka. Kijana huyo 2025 kapiga homurani 31, kaiba beisi 35 (kuchomoka kwenda beisi ya mbele bila kungoja mpira upigwe), na kule uwanja wa kati anadaka mipira ambayo wengine wanaisindikiza kwa macho. Bryant naye alipata dola milioni 182 kwa miaka saba kutoka Rockies, mgongo ukamlaza. Kwa hiyo mtu umekasirika kihalali, halafu unanyang'anywa hasira yako kwa takwimu.

Basi anayetaka kuhamia kwa kijana, achukue jezi ya Báez afumue herufi. Asivute, akate uzi kwa wembe upande wa ndani, moja moja, la sivyo kitambaa kinachanika. Matundu ya sindano yatabaki, na kivuli cha rangi pia. Jina halina shida: BÁEZ ni herufi nne, CROW-ARMSTRONG ni kumi na tatu na kistari, itafunika mpaka kwapani. Balaa ni namba. Mzee alivaa 9, kijana anavaa 4. Ile 4 ina pembe na uwazi, na 9 itakuwa inachungulia nyuma yake kila ukigeuka.