Supu ya Mti

Mimi nilitaka kaimati tu. Hilo lieleweke mapema, maana Mama Watoto akiwasimulia dada zake wa Tanga kwenye simu huanza hivi: "Shemeji yenu kataka kuwa Mzungu." Sikutaka kuwa chochote. Ilikuwa Ramadhani ya 2025, tupo hapa Vermont, Marekani, theluji bado iko magotini, nikalalamika kwa jirani kwamba nimechoka kula vya dukani. Mzee wa watu akacheka, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba yangu. Kumbe shira yenyewe imesimama pale!

Miti mitatu ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Miaka minne naitazama nikidhani kazi yake ni kunimwagia majani niyazoe.

"Ni bure kabisa," akasema. Neno hilo bure lilishanila dola 140 kabla sijalamba hata kijiko.

Kutoboa hakuna kazi. Kekee ya milimita 8, shimo la sentimita nne hivi, unachomeka mrija, unatundika ndoo. Usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha, mti unadondosha wenyewe. Nikajiona mgema, tena mgema mwenye bahati, asiyepanda juu. Usiku baada ya futari nikaonja. Maji! Maji yaliyopita karibu na duka la sukari, basi. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mti huu haukungoja hata kusifiwa.

Nikamfuata mzee. Akaniambia lita 40 za utomvu hutoa lita moja ya shira.

"Na hizo 39?"

"Zinapanda juu."

Nikasema sawa, nitachemshia jikoni. Mzee akashika kichwa: mvuke wote huo ndani ya nyumba, kuta zitatoka jasho na rangi itabanduka. Inachemshwa nje, kwa kuni, na jiko unaunda mwenyewe.

Sasa ningekuwa Dar, ningeshuka mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa vyuma, na mchoro wangu. Fundi asingeutazama, angeniambia "njoo kesho", na keshokutwa ningelikuta jiko tayari, limepinda mguu mmoja lakini linawaka. Huku kumwita fundi mlangoni tu ni mshahara. Fundi nikawa mimi. Nilitaka kutumia pipa, mzee akalikataa kwa sababu limepakwa zinki, likipata moto moshi wake ni sumu. Basi nikaokota kabati la chuma la mafaili lililotupwa barabarani, nikang'oa droo, nikalilaza chali juu ya matofali ya saruji. Ncha moja nikakata mlango wa kuni, ncha ya pili nikatoboa nafasi ya bomba la moshi. Penye droo nikaketisha trei za stenlesi, zile za mahotelini za kuwekea wali wa harusi. Mama Watoto akatoka, akazunguka mara moja. "Baba Watoto, huyu maiti unamzika lini?"

Moto wa kwanza ulikuwa wa kuunguza rangi ya kabati, utomvu haukuwepo. Moshi ulikuwa mweusi, mtaa mzima ukafunga madirisha. Moto wa pili jiko halikuvuta kabisa, moshi ukapitia mlangoni ukanifuata kama mdai. Bomba lilikuwa fupi. Nikaongeza hadi mita mbili, na hapo ndipo fedha ilipokwisha, msiniulize tena bei ya bomba. Moto wa tatu kuni zikawa mbichi, zinalia tu. Inatakiwa kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba kama kifundo cha mkono, na unazichochea kila dakika chache. Yaani ukienda msalani, jiko limeshanuna.

Siku yenyewe nilikuwa na lita 80, matunda ya siku tano za kubeba ndoo kwenye theluji. Huwezi kuutunza sana, utomvu huchacha kama maziwa. Nikawasha baada ya swala ya alfajiri. Adhuhuri mvuke ukaanza kunukia. Jamani! Mtu umefunga, umekaa mbele ya kitu kinachonukia kama halua, na pua haina kofuli. Kuonja marufuku. Mke wangu kila saa anafungua dirisha: "Supu ya mti imeiva?" Povu likapanda, nikatia siagi kidogo kama nilivyofundishwa, likashuka kwa adabu. Laiti watoto wangekuwa hivyo.

Shira huiva ikizidi maji yanayochemka kwa nyuzi nne hivi, yaani 104. Kipimajoto changu ni cha Kimarekani, kinahesabu kwa Farenhaiti, kinataka 219. Huku wameshasogeza saa mbele, magharibi inaingia karibu saa moja. Saa kumi na mbili na nusu: 216. Kwenye trei zimebaki lita mbili, rangi kama chai ya rangi. 217. 218. Simu ikaadhini.

Nilikwenda kula tende. Tatu, kwa sunna. Na uji, kikombe kimoja, wa pilipili manga, sijakaa hata kitini.

Niliporudi, trei ilikuwa nyeusi kama lami na inatoa moshi kuliko bomba.

Mzee alikuwa amesimama kwenye uzio. "Mwisho hukumalizia ndani, kwenye gesi?" akauliza kwa upole. Wiki mbili ananifundisha, hilo kalibakiza la mwisho!

Nikaingia ndani. Mezani kaimati zinang'aa. Mama Watoto alichukua sukari, maji na iliki, dakika kumi, kamaliza, na bado alipata muda wa kupaka wanja. Hakusema neno, na hilo liliniuma zaidi. Nikala kwa hasira.

Nikiwa kwenye ya tisa, mdogo wetu akaingia kutoka nje, mabuti yamejaa theluji.

"Baba, ndoo zimejaa tena."