Chagua Upande Kwanza, Nyumba Baadaye

Kila mwaka ukielekea ukingoni, simu huanza kuingia kutoka bara. Mwalimu amepata uhamisho, karani wa benki ameambiwa aripoti tawi la Mombasa Januari, fundi wa mitambo ameitwa kazi bandarini. Ombi lao ni moja: "Nitafutie nyumba ya vyumba viwili, mahali pazuri, isiwe ghali." Nikiwauliza kazi itakuwa wapi hasa, wengi hujibu, "Mombasa tu." Nikiuliza watoto watasoma wapi, huniambia hilo wataliangalia wakishafika. Hapo ndipo tunapoanza kubishana, na leo ubishi huo nauandika ili wausome wote wanaojiandaa kuja.

Msimamo wangu ni huu: familia inayohamia Mombasa isitafute nyumba kabla ya kuchagua upande. Mji huu ni kisiwa, na njia za kukiingia na kukitoka zinahesabika. Daraja la Nyali linakupeleka kaskazini: Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi, Kiembeni, mpaka Shanzu. Ukivuka daraja la Mtwapa umeshaingia Kaunti ya Kilifi, ingawa matangazo ya nyumba yataendelea kuandika "Mombasa". Magharibi unapita daraja la Makupa kwenda Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini. Kusini ni Likoni, na kati ya Likoni na kisiwa hakuna daraja la magari, kuna feri. Barabara ya Dongo Kundu inamfikisha mwenye gari kusini kutoka upande wa Miritini bila kupanda feri, na kwa safari za Kwale na Diani ni msaada mkubwa, lakini kwa mtu wa Likoni anayefanya kazi katikati ya mji ni mzunguko mrefu mno.

Mgeni haoni haya yote kwenye picha za nyumba. Anaona vigae, kabati za jikoni, na maneno "dakika kumi kutoka mjini". Dakika hizo huenda zilihesabiwa Jumapili asubuhi. Siku ya kazi, saa moja asubuhi, magari ya Kisauni, Bamburi na Nyali yote yanasukumana kuingia kisiwani kwa daraja moja, na jioni yanarudi kwa daraja hilo hilo mpaka Kongowea, ambako soko nalo lina malori na mikokoteni yake. Upande wa Changamwe kuna malori ya makontena. Usiku unaweza kuvuka kote huko kwa muda mfupi ukashangaa kelele za watu ni za nini.

Kwa hiyo swali la kwanza si kodi. Swali ni kila asubuhi nani atavuka nini. Na jibu lisiwe la juu juu. Anayesema "nimepata kazi bandarini" bado hajasema kitu, maana bandari ina sehemu zake za Kilindini kisiwani na ina Kipevu na Port Reitz ng'ambo ya Makupa. Mmoja atafurahia kukaa Tudor au Ganjoni, huku huku kisiwani, mwingine akipanga huko atakuwa anavuka kila siku kwenda alikoweza kuishi tangu mwanzo, Mikindani au Magongo, na kwa kodi nafuu zaidi. Wa uwanja wa ndege vivyo hivyo, aangalie Changamwe. Wa hoteli nyingi za pwani ya kaskazini asidanganywe na uzuri wa Kizingo kisiwani, aende Bamburi, Mtopanga au Kiembeni. Ukiwa na baba anayefanya kazi upande mmoja na mama upande wa pili, basi mimi nasema wazi: nyumba ifuate shule ya watoto. Mtu mzima anaweza kuvumilia foleni. Mtoto wa miaka saba hawezi, na akilazimishwa ataivumilia kwa kusinzia darasani.

Nimeliona hili kwa karibu. Binamu yangu na mkewe walipata nyumba kubwa Likoni, yenye uani wa kuanikia nguo na mwembe wa kivuli, kwa kodi ambayo kisiwani isingewapa hata nusu ya nafasi ile. Shule ikawa Ganjoni. Mwenda kwa miguu halipi nauli kwenye feri, kwa hiyo ukipiga hesabu ya pesa peke yake walikuwa wamepata faida. Lakini watoto walikuwa wakiamshwa alfajiri kabla ya adhana, wanywe chai wamefumba macho, wawahi kivuko kabla hakijafurika. Shemeji alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi katikati ya ule umati. Wao wenyewe ndio walioamua kuhama, na siku walipopata vyumba viwili vidogo karibu na shule, bila uani na bila mwembe, mkubwa wao aliuliza kama sasa ataruhusiwa kulala mpaka kupambazuke. Sina tatizo na Likoni. Mwenye kazi na shule huko huko Likoni anaishi raha kuliko wengi wetu wa kisiwani. Tatizo ni kukatwa katikati.

Baada ya upande, maji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hakuna kinachowaliza wageni kama maji.

Kaunti hii ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, na vyanzo vyake vikubwa vya maji ya bomba viko katika kaunti nyingine: chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi huko Kwale. Hata bwawa la Mwache, lililokusudiwa kutupunguzia shida, liko Kwale. Kinachofika hakitoshi, ndiyo maana maji hutoka kwa zamu, na zamu yenyewe haifanani mtaa kwa mtaa. Mwenye jengo hujaza pengo kwa kisima. Kisima cha Mombasa, hasa karibu na bahari, mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Sabuni haishiki povu, chai ina ladha ya ajabu, mifereji inakula kutu, na nguo nyeupe za shule zinabadilika rangi kabla ya muhula kwisha.

Ukienda kuona nyumba, fungua mfereji wa jikoni, kinga kiganja, onja. Usione haya. Ukiambiwa "maji yapo saa ishirini na nne", uliza ni maji gani. Yapo majengo yenye mifereji miwili, mmoja wa maji ya chumvi kwa choo na kudeki, mwingine wa maji matamu, na huo ni mpango mzuri kabisa mradi ujue mapema na mradi huo mwingine uwe unatoka kweli. Uliza tangi la juu ni la jengo zima au kila nyumba ina lake. Uliza maji yamo ndani ya kodi au yana bili yake. Kisha shuka chini, mtafute jirani anayefua au mwenye genge la mboga, umuulize siku za maji ni zipi na maji yakikatika wananunua wapi. Ukiona mikokoteni ya mitungi imejipanga nje ya lango mchana kutwa, umeshajibiwa bila kuuliza. Familia ya watu watano inayonunua maji ya mitungi ya lita 20 kila siku inalipa kodi mara mbili.

Joto nalo lina mambo yake. Mtu wa Limuru au Eldoret huangalia nyumba kwa macho ya kwao: jua liingie, madirisha yasiwe makubwa mno, ghorofa ya juu kwa ajili ya mandhari. Hapa ghorofa ya mwisho chini ya zege tupu hupikwa na jua mchana, halafu usiku inatoa joto lile lile polepole juu ya kitanda cha mtoto. Nyumba ya Mombasa iulizwe upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Madirisha yakiwa upande mmoja tu, feni itazungusha hewa moto. Wakati wa kusi, upepo wa miezi ya baridi, unaweza kudanganyika kwamba nyumba yoyote inafaa. Ngoja kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ngoja Februari na Machi. Nenda kaione saa nane mchana, si saa tatu asubuhi dalali anapopenda kukupeleka. Na ukiweza, rudi usiku wa Ijumaa au Jumamosi usikie majirani zako ni akina nani na muziki unazimwa saa ngapi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema siku hizi nyumba unaweza kuichukua ukiwa Nairobi kwa kuangalia video na kutuma pesa. Video haionjwi maji. Ninachopendekeza, na najua kina gharama, ni mzazi mmoja atangulie. Akae kwa ndugu, au achukue chumba cha kupanga kwa mwezi, aende kazini kwa njia ambayo familia itaitumia, aone shule, halafu ndiyo atafute nyumba. Novemba inafaa sana kama barua ya uhamisho imefika kwa wakati: shule zimefungwa, mvua za vuli zinaonyesha paa linalovuja na mtaa unaojaa maji, na wageni wa Desemba hawajafika kupandisha bei za nyumba zenye samani huko Nyali na Bamburi. Mwenye kuja Desemba kutafuta nyumba ya kudumu karibu na ufuo anashindana na watu wanaolipa kwa usiku.

Kama haiwezekani kabisa kutangulia, basi awepo mtu wako wa damu au mwenzako wa kazini atakayeingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake kabla hujatuma hata shilingi. Matapeli wa nyumba hawana maarifa mapya. Picha nzuri, kodi ya chini kuliko mtaa wote, na haraka: "Mama, kuna mwingine yuko njiani na dipoziti, sijui nikufanyieje." Jibu lake ni rahisi, mwache huyo mwingine aichukue. Unapolipa kwa M-Pesa, jina linalojitokeza kabla hujathibitisha lifanane na kitambulisho cha mwenye nyumba na lifanane na jina kwenye mkataba. Likiwa la mtu wa tatu, "ni shemeji yangu, tumia tu", simamisha.

Kuna swali jingine ambalo watu wa bara hawalijui kwa sababu kwao halipo sana. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta ni za mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye kuta hulipa ijara kwa mwenye kiwanja. Mitaa ya zamani kama Majengo imeishi hivyo vizazi na vizazi, na si jambo la kukimbia. Lakini wakigombana wawili hao, anayekuta vyombo vyake nje ni mpangaji. Uliza ardhi ni ya nani, na muulize mzee wa mtaa pia, si mwenye nyumba peke yake.

Mkataba uwe wa maandishi. Wengi hudhani sheria itawalinda tu, ilhali Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na ni familia gani leo inapata vyumba viwili kwa pesa hizo? Kwa hiyo kinachokulinda ni kile mlichoandika: dipoziti ni kiasi gani, itarudishwa lini, itakatwa kwa sababu zipi, notisi ni ya muda gani, kodi itapanda lini. Siku ya kupokea funguo, piga picha za kuta, mabomba na milango, umtumie mwenye nyumba papo hapo ili zibaki na tarehe. Hakikisha mita ya stima ni yako na namba ya tokeni ni ya nyumba yako, maana kugawana mita na jirani mwenye friji mbili kumeshavunja urafiki mwingi.

Na kwenu madalali na wenye nyumba wa mji wangu, nina ombi. Acheni kutoza watu ada ya kuonyeshwa nyumba ambazo mnajua hawatazichukua. Baba wa watoto wanne anayezungushwa nyumba tano za bedsita, kila moja akitoa pesa, amelipa bure na dalali analijua hilo tangu simu ya kwanza. Malipo ya dalali yaje siku mkataba unapotiwa sahihi. Na tangazo liandikwe ukweli wa mahali: kama ni Mtwapa liseme Mtwapa, kama maji ya jengo ni ya chumvi liseme hivyo, kama zamu ya maji matamu ni mara mbili kwa wiki, siku zenyewe zitajwe. Wapo wapangaji wataikubali nyumba hiyo hivyo hivyo, wanunue tangi kubwa, na wakae miaka kumi.